Karai la Mzee Kapufi

Msimu wa pamba ukiingia, mji wa Shinyanga uligeuka mweupe pasipo mtu kuufua. Malori yalipita mchana kutwa kuelekea kiwandani, magunia yamefura juu yake, na nyuzi laini zikachomoka zikaenda na upepo. Zilinasa kwenye minyaa ya uani, kwenye nywele za watoto, kwenye uji uliowekwa kizingitini upoe. Jioni, jua likiwa limelala, zilionekana zikielea hewani taratibu kama hazina haraka ya kufika popote.

Katika chumba kimoja cha mtaa wa Majengo, Justa alikuwa akiziokota moja moja kwenye kope za mwanawe mchanga kabla ya kumwogesha. Kila jioni alijiambia, leo hatalia. Na kila jioni mtoto alilia.

Hakikuwa kilio cha njaa, maana ziwa alilikataa. Hakikuwa cha tumbo wala cha sikio, maana mama wa zahanati alimgeuza huku na huku akasema mtoto mzima kabisa, mnanichosha. Kilikuwa kilio cha mtu anayeita mtu aliye mbali. Kilianza maji yakishamiminwa, kikapanda, kikapanda zaidi, mpaka giza lilipoingia ndipo kikachoka chenyewe.

"Anataka nini?" aliuliza Zipora, binti mkubwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya mbele.

"Anataka jina," alijibu Justa.

Kwa akina Maige, mumewe, ndivyo ilivyokuwa. Mtoto hapewi jina tu kwa kuwa limependeza. Jina linatoka kwa waliotangulia. Mtoto akilia bila ugonjwa, yupo marehemu wa ukoo anayemtaka awe wa jina lake, na wazazi wanayaita majina ya wafu moja baada ya jingine. Likitajwa lenyewe, mtoto hunyamaza. Hapo anafungwa ushanga mweupe mkononi na mambo yamekwisha. Zipora alinyamaza kwa jina la kwanza, ingawa baadaye padri alimwita Zipora na Zipora likashika. Herman, wa pili, ambaye sasa alikuwa anatembea kwa kuyumba huku na huku akila nyuzi za pamba sakafuni, naye hakusumbua. Lakini huyu wa tatu!

Maige akitoka kiwandani, hata kabla ya kunawa, alimshika mtoto akaanza. "Ngassa. Wewe ni Ngassa?" Kilio. "Masanja? Eh? Masanja mwenye ng'ombe wengi?" Kilio. "Basi Ng'wandu. Ng'wandu hakuwa mbaya, alikuwa na hasira tu." Kilio mpaka paa linatetemeka.

Ukuta wa chumba kile haukufika juu. Ulikomea kichwani mwa mtu mrefu, na juu yake kulikuwa na uwazi mpaka kwenye paa la madebe yaliyopondwa, kwa hiyo moshi, harufu na maneno vilihama chumba hadi chumba bila kubisha hodi. Upande wa pili aliishi Bi Sikujua, mwanamke wa Kimanyema aliyekuwa akiuza vitumbua stesheni ya reli.

"Baba Zipora!" sauti yake ilivuka ukuta. "Wafu wenu wamekwisha? Niwaazime wa kwetu Ujiji? Ninao wengi, na wote wapole!"

"Wa kwenu watamfundisha kudai zaka ya vitumbua!" alijibu Maige, akicheka kwa uchovu.

Justa hakucheka. Siku chache nyuma dereva wa lori alikuwa amemletea maneno kutoka kwa mama mkwe wake, kule kijijini. Maneno yenyewe yalikuwa hivi: lori la mwisho la pamba likija, nami nitakuwa juu yake. Kama mjukuu wangu bado hana jina, nawachukua wote, mama na watoto. Huko mjini wafu wetu hawafiki. Maige atabaki na kiwanda chake.

Na Maige aliposikia alisema tu, "Mama akishasema, amesema."

Justa aliitazama sakafu. Yeye kukaa kwa watu alikuwa amekula akashiba. Alizaliwa karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita, mama akamfia siku ileile, baba akaingia shimoni asubuhi moja wala hakurudi tena kumuuliza mtoto ameamkaje; wengine walisema alihama, wengine walisema mengine. Masista walimpa jina na gauni. Halafu akalelewa kwa shangazi wa huku, kwa mjomba wa kule, kwa mama mmoja ambaye hakuwa hata ndugu. Watu hawakumtesa. Walimpa chakula kama wenzake. Ila katika nyumba zote hizo mkeka wake ulitandikwa mlangoni, kwa kuwa ndiyo nafasi iliyobaki, na kila aliyetoka au kuingia alimruka.

Chumba hiki kilikuwa cha kwanza kuwa na komeo aliloweza kulifunga yeye mwenyewe, kwa ndani. Alikikandika kwa mikono yake, udongo wa kijivu na majivu, na alama za vidole vyake zilikuwa zimekauka ukutani kama mawimbi. Misumari ya zamani ilikuwa imeyaacha madebe ya paa na matundu, na jua la jioni likipita humo lilitawanya vijinyota ukutani, vikapanda polepole kupita kitanda cha kamba, kupita pazia la kanga, kupita karai lililoning'inia kigingini. Herman alikuwa akijaribu kuvishika. Zipora alikuwa akivipa majina. Justa alipokuwa akiwatazama alihisi kama yuko ndani ya ndoto ya mtu mwingine, mtu mwema, ambaye akiamka vyote vitaondoka.

Karai lile walilikuta. Walipopanga chumba, hakukuwa na kitu kingine ndani, ila karai la chuma lenye kiraka cha bati kitakoni, kubwa, zito. Mwenye nyumba alisema, "Litumieni tu, mwenyewe amekufa." Likawa la kuogeshea watoto.

Jioni moja Maige alikuwa zamu. Maji yameshatiwa, mtoto ameshaanza, kilio kinapanda. Upande wa pili Bi Sikujua alikuwa akitwanga mchele wa kesho, kisha mchi ukasimama.

"Mama Zipora."

"Abee, Bi Sikujua. Nisamehe, najua tunakuchosha."

"Si hivyo. Nasikiliza. Mwanao analia vile alivyokuwa akikohoa marehemu Kapufi. Inapanda, inapanda, halafu inakatikia pale juu."

Mtoto alinyamaza.

Hakunyamaza kwa kuchoka. Alinyamaza kama mtu aliyeshikwa bega. Macho yake, bado yana machozi, yaligeuka kuelekea kwenye uwazi wa juu ya ukuta. Unyuzi wa pamba ulikuwa ukivuka pale, taratibu, kutoka chumba kile kuja chumba hiki.

"Sema tena," alinong'ona Justa.

"Niseme nini?"

"Hilo jina."

"La Kapufi?"

Mtoto alishusha pumzi ndefu, akalitafuta ziwa.

Upande wa pili mchi uliwekwa chini. Baadaye Bi Sikujua akasema kwa sauti ya chini, "Ama! Hebu fungua mlango, nakuja kwa miguu. Haya si maneno ya kurushiana juu kwa juu."

Alikuja, akaketi kwenye kigoda, akaeleza. Kapufi alikuwa Mfipa. Alichimba dhahabu Geita mpaka kifua kikamgomea, akaja hapa kuchochea moto wa kiwanda cha pamba. Mtu wa kimya. Akioga jioni alikuwa akivumisha wimbo wa kwao, hauna maneno, unazunguka tu. Alifia katika chumba hiki hiki, kiangazi kimoja, ninyi hamjahamia. Watu wa mtaa walimzika, wakarudi kazini. Ndugu zake hakuna aliyewajua.

"Matanga?" aliuliza Justa.

"Nani wa kuweka matanga? Hata chungu hakikutelekwa. Mimi mwenyewe nilikuwa Tabora kwa mdogo wangu. Nilirudi nikakuta kufuli." Bi Sikujua alivuta kanga yake mabegani. "Lakini sikiliza, mwanangu. Mama mkwe wako usimwambie habari za Mfipa. Mwambie mtoto ni Ngassa, basi. Mtoto mwenyewe ataweza kukukanusha?"

Maige naye aliporudi akaambiwa, alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mfipa? Katika ukoo wetu? Mama atanipiga na mchi. Ni Ngassa. Tumeelewana? Ngassa."

Walielewana. Ila mchana, Maige akiwa kazini, Justa alijikuta akilisema lile jina jingine kwa sauti ya chini, akimpaka mtoto mafuta. Kapufi. Mtoto alikuwa akitulia, akimtazama kwa macho ya kizee. Maji ya jioni bado yalimliza, ila akiitwa alinyamaza upesi. Zipora alikuwa pembeni, akisuka nywele za mwanasesere wa bunzi la mahindi, na kusikia kwake hakukuwa na pazia.

Lori la mwisho lilifika. Mama Maige alishuka kutoka juu ya magunia kwa kupokewa na wanaume wawili, kichwa kizima kimejaa pamba, mkononi kibuyu cha samli, mgongoni kapu la michembe, viazi vilivyokaushwa, kwapani jogoo. Justa alipiga magoti kumsalimu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanone. Shika kwanza huyu jogoo, amenidonoa tangu Old Shinyanga." Aliingia, akazunguka mara moja, na mara moja ilitosha. "Hiki ni chumba au ni kihenge? Kihenge changu cha mtama kina nafasi kuliko hapa. Na hawa wote mnalala wapi, mnapangwa kama viazi?"

"Tunapangwa, bibi," alisema Zipora kwa furaha. "Mimi ukutani, Herman katikati, baba miguu inatoka nje ya kitanda."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyoosha mikono. "Nileteeni huyo mwenye kesi."

"Ameshapata jina, mama," Maige alidakia, akiwa ametazama jogoo. "Ngassa. Alinyamaza kabisa."

"Ngassa," alisema bibi, akimwinua mtoto mbele ya uso wake. "Baba mkwe wangu. Haya, karibu, mzee."

Jua lilikuwa limeteremka. Vijinyota vilikuwa vimeanza kupanda ukutani, na maji yalikuwa tayari ndani ya karai. Bibi mwenyewe alimtumbukiza mtoto. Kilio kikaanza.

"Ngassa," alibembeleza bibi. "Ngassa wangu. Ngassa, nyamaza." Alimtoa, akamfunga kanga, akamwimbia, akamtembeza mlangoni na kurudi. Kilio kilipanda. Maige alikuwa anatokwa na jasho. Upande wa pili mchi ulikuwa umenyamaza. Justa alisimama ameegemea ukuta, viganja vyake juu ya alama za viganja vyake, na akajua kwamba asubuhi lori litaondoka naye. Tangu mchana alikuwa ameshafunga nguo za watoto kwenye shuka.

"Bibi, unakosea," alisema Zipora. "Yeye anaitwa Kapufi."

"Zipora!" Maige alifoka.

"Kapufi?" alisema bibi. "Kapufi ndiye nani?"

Kilio kilikatika. Mtoto alimtazama bibi yake, bibi akamtazama mtoto, na ukuta wote ulikuwa umejaa nyota.

"Nimeuliza," alisema bibi polepole, "Kapufi ni nani?"

Justa alieleza. Alianza kwa kigugumizi, akaishia kwa sauti safi. Alisema yote, ya kikohozi na ya wimbo usio na maneno, ya maziko bila matanga. Bi Sikujua alikwisha kuzunguka akaingia mlangoni bila kuitwa, akawa anatikisa kichwa kuthibitisha. Bibi alisikiliza, kisha macho yake yakashuka sakafuni, pale maji yalipokuwa bado yanatikisika.

"Na hili karai la nani?"

Justa akasema, "Lake."

"Mnamwogesha mtoto ndani ya chombo cha mtu ambaye hamjamlilia?"

Alimkabidhi mtoto kwa Bi Sikujua, akainama, akaliburura karai mpaka nje, akayamwaga maji, akalipindua kifudifudi chini ya ukuta. Kiraka cha bati kikang'aa kidogo. "Vitu vya marehemu havishikwi," alisema, "mpaka watu wamenyoa, wamekula pamoja, ndipo vinagawiwa. Maige, hilo nalo nilikufundisha au nilimfundisha jirani? Kila jioni mtu wa watu anakuja kuoga anakuta karai lake lina mtoto. Mngekuwa ninyi mngenyamaza?"

Maige aliangalia vidole vya miguu yake.

"Nami niliponyamaza kwako, mayu, nilikosa," alisema Justa. "Lakini jina sikuweza kulifukuza. Mimi nilikuwa nalazwa mlangoni mwa watu. Najua mtu anavyosikiliza ndani wakiitana, na yeye haitwi. Nilipoona huyu mzee amemchagua mwanangu, niliona haya kumwambia hapa si kwenu."

Bibi alikaa kizingitini, akaitazama pamba ikielea mtaani mpaka ikawa haionekani tena. Usiku ule hakuna aliyemwita mtoto kwa jina lolote, na shuka yenye nguo za watoto ilibaki imefungwa pale mlangoni.

Asubuhi, sauti ya bibi ndiyo iliyowaamsha. Alikuwa anaagiza wembe.

Aliwanyoa watoto wote barazani, Zipora kwanza, Herman akishikiliwa, kisha mchanga, taratibu kama anamenya yai. Nywele zao zilidondoka, upepo ukazichanganya na pamba, nyeusi na nyeupe, zikaenda zake. Alimnyoa na Maige. Jogoo, baada ya safari yote ile, akaingia chunguni. Bi Sikujua hakwenda stesheni. Sinia zima la vitumbua alilileta hapa. Maige alipita kiwandani kuwaambia watu, na adhuhuri walianza kuja, wachochea moto na wabeba magunia, wakivua kofia, wakikaa kwenye mikeka mpaka katikati ya njia. Wengine hawakuwa na hakika msiba ni wa nani.

"Wa Kapufi," waliambiwa.

"Kapufi yule yule? Si alikufa zamani?"

"Alikufa. Leo ndiyo tunalia."

Na bibi alilia. Alilia kwa Kisukuma, kilio kirefu cha wanawake wa kwao, akimsifia Mfipa ambaye hakuwahi kumwona, mchimba wa chini ya ardhi, mtunza moto, mgeni aliyesahauliwa. Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Mzee mmoja wa bomba la mvuke akaanza kuvumisha ule wimbo, akausahau, na mwingine akaumalizia.

Bi Sikujua alimwinamia Justa, machozi yakimtiririka. "Mama mkwe wako anamlilia vizuri kuliko sisi tuliomjua," alinong'ona. "Nikifa mniitie huyu."

Watu walipokwisha kula, bibi aliliinua karai, akalifuta ndani kwa kanga yake, akamweka mtoto humo likiwa kavu. Akamfunga ushanga mweupe mkononi.

"Kapufi," alisema. "Chombo chako hiki. Umerithi."

Mtoto aliushika ukingo wa chuma kwa vidole vyote.

Kisha jioni, maji yalipotiwa, akalia. Watu wote waliokuwa wamebaki waligeuka kumtazama bibi. Maige alishika kichwa chake kipya kisicho na nywele.

"Mnanitazamia nini?" alisema bibi. "Mtoto halii? Mlitaka aimbe? Sasa analia akiwa na jina, mtamwita atasikia." Na akamwita, na mtoto, baada ya kufikiri kidogo, akasikia.

Kesho yake dereva, aliyekuwa amesubiri msiba uishe, alipiga honi barabarani. Justa alikuwa amesimama mlangoni, Herman kiunoni, shuka ya nguo kichwani.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza bibi, akijitwika kapu tupu.

"Mayu, si ulisema..."

"Nilisema kama hana jina. Jina analo, na mwenye jina yuko hapa. Nikimpeleka mtoto kwangu, mzee wa watu atamfuataje? Njia ya kwetu haijui. Atakuja jioni, atakuta chumba kitupu tena." Aliishusha shuka kichwani mwa Justa, akalifungua fundo kwa meno. "Akianza kutembea mniletee anisalimie, halafu mumrudishe. Na huyu Maige mkatieni kitanda kirefu, ananitia aibu."

"Wabeja, mayu," alishukuru Justa.

"Wabeja wewe, uliyefungua mlango."

Alipandishwa juu ya magunia matupu, akajikunja, lori likaondoka na vumbi lake.

Jioni ile Justa aliwaogesha watoto watatu kwa zamu, vichwa vyao vikiteleza mikononi mwake kama mawe ya mtoni. Nyota za paa zilikuwa zikipanda ukutani. Upande wa pili Bi Sikujua alikuwa akitwanga, akivumisha wimbo unaozunguka tu, na Kapufi mdogo, ndani ya maji, alikuwa akiusikiliza mdomo wazi. Maige aliingia, miguu ina vumbi la kiwandani, akachutama karibu na karai.

"Tumetimia?" aliuliza Zipora kutoka kitandani, kama alivyouliza kila siku.

Justa alikwenda kwenye mlango. Nje pamba za mwisho zilikuwa zinatua barabarani. Alishika komeo, lakini kabla ya kulisukuma alisubiri kidogo, mlango ukiwa nusu wazi, kama anavyosubiriwa mtu aliyebaki nyuma kidogo njiani. Kisha akalifunga, kwa ndani.

"Tumetimia," alisema.